Jicho Lenye Kuuma Linasema Nini?



Pengine katika darasa lenu kuko mwanafunzi mwenye kukunja uso kila mara profesa anapoandika ku tablo. Amebadilisha lineti mara mbili kwa mwaka mumoja, lakini haoni sawasawa. Magaribi anashika kichwa na kusema: «Macho inaniuma.» Wamoja wanasema ni uvivu, wengine wanasema amelogwa. Mbele ya kusema vile, inafaa tujue ugonjwa mumoja unaoitwa keratokono.

1. Ni ugonjwa gani?

Mbele ya jicho kuko ngozi nyembamba yenye kuangaza sawa kioo cha saa. Inaitwa konea. Unene wake katikati ni karibu nusu ya milimetri tu. Kwa mutu mwenye macho mazima, konea imeviringana vizuri sawa kipande cha mupira. Kwa mwenye keratokono, inapunguka unene, inakosa nguvu, na polepole inachongoka mbele. Jina lenyewe linatoka katika Kigriki: keras ni pembe, konos ni koni. Munganga mumoja wa Uingereza, John Nottingham, aliandika habari za ugonjwa huu kwa urefu katika mwaka 1854.

Mara nyingi unaanza wakati wa ujana, ni kusema miaka yetu hii ya sekondari, na unaweza kuendelea mpaka miaka 30 na zaidi. Hauambukizi. Mugonjwa anaona herufi zenye kivuli, taa yenye mikia, pengine miezi miwili mbinguni hata akifunga jicho moja.

2. Unauma namna gani?

Konea yenye kuchongoka, yenyewe peke yake, haiumi sana. Lakini konea ina mishipa ya kusikia maumivu mingi kupita ngozi ya mukono, njo maana hata kipunje cha vumbi kinatutoa machozi. Kwa hiyo mambo yenye kufuatana na ugonjwa huu yanaumiza, na kila moja lina namna yake:

a) Macho mazito na kichwa kuuma kwenye paji la uso, zaidi magaribi kisha kusoma. Ni uchovu: jicho limeshinda likijikaza kutafuta herufi.

b) Mwangaza kuchoma. Jua la saa sita juu ya mabati mapya linakuwa sawa sindano, na mutu anafumba macho bila kupenda.

c) Kuwashwa. Hii inatoka mara nyingi kwa aleji ya vumbi na vitu vingine, na wagonjwa wengi wa keratokono wako nayo pia.

d) Kusikia sawa muchanga ndani ya jicho. Pengine jicho limekauka. Pengine lenti ngumu yenye kuvaliwa juu ya konea inaikwaruza. Hapo inafaa kuitoa na kurudi kwa munganga.

e) Maumivu makali ya rafla, machozi mengi, na jicho kuwa na weupe sawa ukungu. Utando wa ndani wa konea umepasuka, maji ya jicho yameingia na kuivimbisha. Hii si ulozi. Inaweza kupoa kwa majuma ao miezi, lakini mara nyingi inaacha kovu. Usingoje kesho, wende hospitali siku ileile.

Munganga anaweza kuona jicho, lakini maumivu hawezi kuyaona. Anayasikia katika maneno yako tu. Kumwambia «macho inauma» haitoshi. Sema: inachoma, inawasha, ao inakwaruza? Ilianza polepole ao rafla? Asubuhi ao magaribi? Jicho moja ao yote mawili?

3. Adui mukubwa: kusugua

Jicho likiwasha, kidole kinakwenda chenyewe. Kusugua kunapendeza kwa dakika moja, lakini waganga wameona kwamba wenye kusugua macho kwa nguvu na kila siku wanapata keratokono zaidi, na ugonjwa unaendelea mbio zaidi. Konea imekwisha kuwa dhaifu, na wewe unaikandamiza. Badala yake, weka kitambaa safi chenye maji ya baridi juu ya macho yaliyofungwa, kisha omba munganga dawa ya aleji.

Tena usitie matone yaliyobaki ya mutu mwingine, wala maji ya majani. Matone yenye kortizoni yanapoza haraka, lakini yakitumiwa muda murefu bila munganga yanaweza kuharibu jicho kabisa.

4. Matunzo

Mwanzoni lineti zinasaidia. Kisha inaomba lenti ngumu, kwa sababu inaipa jicho uso mupya wenye kuviringana vizuri. Waganga wa Dresden, katika Ujerumani, walitafuta njia ingine, na katika 2003 walitangaza matunda yake: wanatia matone ya vitamini B2 juu ya konea, kisha wanaiangaza kwa mwangaza wa ultravioleti, na konea inapata nguvu. Siku chache za kwanza jicho linauma sana, kwa sababu mara nyingi wanakwangua ngozi ya juu kwanza, kisha inapona. Ugonjwa ukizidi kabisa, wanaweza kupandikiza konea ya mutu aliyekufa. Kazi ya namna hii ilifaulu mara ya kwanza katika 1905, kwa mikono ya munganga Eduard Zirm.

Lakini muangalie neno hili: ile njia ya vitamini inasimamisha ugonjwa, hairudishe vizuri macho yaliyokwisha kuharibika. Mwenye kunyamaza mwaka muzima kwa haya anapoteza kitu ambacho lineti hazitamurudishia. Kusema mapema ni nusu ya dawa.

5. Sisi wanafunzi tufanye nini?

Tumwachie nafasi ya mbele, mbali na dirisha lenye jua. Tumusomee kwa sauti yaliyo ku tablo. Tusimucheke akivaa kofia njiani. Akiombwa kuja na muzazi hospitali, mumoja wetu aende kuwaeleza wazazi, maana mara nyingi jicho hili, kwa kuliangalia tu, linaonekana zima.