Bunduki ya kushindilia yenye mtutu mfupi: kwa nini baruti nyingi si shabaha njema

Nchini Marekani, majimbo mengi hutenga kila mwaka msimu maalumu kwa wawindaji watumiao bunduki za kushindilia, yaani zile ambazo baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu na kusukumwa hadi chini kwa mdeki. Jimbo la Pennsylvania, kwa mfano, liliweka msimu wa bunduki za gumegume tangu 1974. Mwindaji wa namna hii ana risasi moja tu. Akimjeruhi kulungu pasipo kumuua, kujaza upya humchukua nusu dakika au zaidi, na mnyama hamsubiri.

Katika Afrika Mashariki silaha ya jamii hiyo hujulikana kwa jina la gobore, na ilibebwa na baadhi ya wapiganaji wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tofauti kubwa imo ndani ya mtutu. Gobore kwa kawaida lina mtutu laini, ilhali bunduki ya uwindaji ya Marekani huchongwa mifuo inayozunguka, ili risasi itoke ikijizungusha kama pia na kuishika njia yake hewani.

Miongoni mwa bunduki hizo zimo zenye mtutu mfupi, wa inchi 21 hivi, sawa na sentimita 53. Bunduki ndefu za kale mara nyingi zilikuwa na mtutu wa mita moja. Ufupi huo humfaa mtu apitaye katika vichaka au apandaye mlima, lakini una gharama mbili.

Gharama ya kwanza ni ya macho. Kilengeo cha mbele na cha nyuma hukaribiana, na kosa dogo la kulenga hukua. Vilengeo vikiwa umbali wa sentimita 80, kosa la nusu milimita huipeleka risasi kando kwa sentimita 3 hivi katika mita 50. Vikiwa umbali wa sentimita 40, kosa lilelile hufikia sentimita 6.

Gharama ya pili ni ya baruti. Katika mtutu mfupi, baruti hupata nafasi ndogo ya kuungua na kuisukuma risasi kabla haijatoka. Mwindaji asiyejua hudhani dawa ni kuongeza baruti. Ukweli ni kwamba, baada ya kiwango fulani, kila nyongeza huleta mwendo mdogo zaidi kuliko ile iliyotangulia. Sehemu kubwa yake huishia kuwa mwako nje ya mdomo wa mtutu, teke begani na masizi ndani. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kuwa vitu yabisi, yaani moshi na masizi, hata baada ya kuungua. Mtutu ukichafuka, risasi inayofuata haipiti kama ile ya kwanza.

Ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila bunduki. Jambo la kwanza kulijua ni mzunguko wa mifuo. Mifuo inayozunguka mara moja katika inchi 66, au sentimita 168, huifaa risasi ya duara iliyofungwa kitambaa. Inayozunguka mara moja katika inchi 28, au sentimita 71, huzifaa risasi ndefu zenye ncha. Ile ya inchi 48, au sentimita 122, iko katikati: hupokea aina zote mbili, ila mwenye bunduki hana budi kuijaribu ajue inapendelea ipi.

Majaribio hufanywa uwanjani, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya meza imara, na shabaha ikiwa umbali wa mita 45 hivi. Kwa mtutu wa kipenyo cha milimita 12.7, wapigaji wengi huanza na baruti ya greni 50, ambazo ni gramu 3.2, na risasi ya duara ya milimita 12.4 iliyozungushiwa kitambaa cha pamba chenye mafuta. Hupigwa risasi tatu au tano, kisha umbali kati ya matundu hupimwa. Baada ya hapo huongezwa greni 5, na zoezi hurudiwa, bila kuvuka kamwe kikomo kilichowekwa na mtengenezaji. Mtutu hufutwa baada ya kila mlio, ili kila risasi ipite katika hali ileile.

Kanuni kuu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha baruti, kitambaa na risasi kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomsaidia na kipi kilichomharibia. Kwa kawaida matundu husogeleana kadiri baruti inavyoongezwa, kisha hufika mahali yakaanza kutawanyika tena. Kipimo kinachotafutwa ni kile kilichotangulia mtawanyiko huo.

Vitambaa vilivyoanguka mbele ya bunduki navyo hutoa ushahidi. Kilichoungua huonyesha kuwa ni chembamba mno au kina mafuta machache. Kilichokatwa katika mistari huashiria makali ndani ya mifuo au kwenye mdomo wa mtutu. Kilicho kizima, chenye doa jeusi katikati, kinaonyesha kwamba kimefanya kazi yake.

Usalama hauna majaribio. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haitiwi katika bunduki ya baruti nyeusi, kwa maana shinikizo lake laweza kuupasua mtutu na kumlemaza au kumuua mpigaji. Baruti humiminwa kwanza katika kipimo, si moja kwa moja kutoka katika pembe, kwani cheche iliyobaki ndani yaweza kulipua pembe nzima mkononi. Risasi nayo lazima ikae juu ya baruti pasipo pengo. Wengi hutia alama kwenye mdeki ili waone kwamba imefika mwisho.

Kazi yote hiyo ina sababu moja. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hivi. Risasi ya duara hupoteza mwendo wake upesi hewani, na bunduki inayotawanya risasi zake kwa sentimita 25 haimstahili mnyama katika umbali huo. Mwenye bunduki ya namna hiyo hana budi kusogea karibu zaidi, au kuacha kupiga.

Hata kipimo kikishapatikana, moshi mzito wa baruti nyeusi huficha mnyama mara tu mlio unaposikika. Mwindaji hawezi kuwa na hakika kwamba amekosa mpaka afike pale kulungu aliposimama, atazame majani na udongo, na kufuata tone la damu likionekana.