Kidonge cha Usiku wa Kwanza

Je, wajua kwamba kusimama ni kazi? Mtu aondokapo kitandani alfajiri akazitafuta ndala zake kwa unyayo, hapana amhesabiaye tendo lile kuwa ni juhudi wala ustadi, ilhali katika dakika ile ile ya kuinuka damu yake, ipatayo nusu lita na pengine zaidi, humteremkia miguuni na tumboni kama maji ya mvua yatafutavyo bonde, na lau pasingalikuwa na kitu cha kuizuia, ubongo ungalikosa riziki yake na mwenyewe angalianguka palepale ubavuni mwa kitanda. Kimwokoacho ni ulinzi asioujua. Shingoni, katika mishipa mikubwa iendayo kichwani, na kifuani, katika ule mshipa mkuu utokao moyoni ukajipinda kama kichwa cha bakora, wamo walinzi wasiolala. Hao wakihisi msukumo wa damu umelegea hupeleka habari, na jawabu hurejea kwa njia ya neva mpaka kwenye kuta za mishipa midogo, zikajikaza, damu ikasukumwa juu, na yote hayo hutimia kabla mtu hajamaliza mwayo wake wa kwanza.

Dawa nitakayoieleza leo huingia katikati ya jawabu hilo. Ni jamii moja ya dawa za shinikizo la damu, maradhi ambayo wengi wetu huyaita presha tu, na mabibi na mababu wa jamii hiyo utawatambua kwa mkia wa majina yao: prazosini, terazosini, doksazosini. Matabibu huziita vizuizi vya alfa. Alfa ni herufi ya kwanza ya Wayunani, ndugu wa alifu yetu tuliyofunzwa chuoni, na katika elimu hii ni jina la aina moja ya vipokezi vilivyotapakaa katika kuta za mishipa ya damu. Amri ya kujikaza huletwa na mjumbe aitwaye noradrenalini, atokaye katika ncha za neva. Naye akifika hukalia kipokezi chake, na ukuta wa mshipa hutii. Aliyemeza kizuizi cha alfa, mjumbe huja akakuta kiti kimekwisha kukaliwa na mgeni asiyesema neno, akarudi na barua yake haikufunguliwa. Mishipa hubaki imelegea, njia ya damu ikawa pana, na shinikizo likashuka.

Namna wanadamu walivyovigundua vipokezi hivyo yataka kisa kidogo, na kisa chenyewe chaanza na paka. Henry Dale, Mwingereza aliyekuwa kijana katika kazi yake, alikuwa akichunguza argoti, kuvu imeayo juu ya masuke ya nafaka ya Ulaya na ambayo wakunga wa huko waliitumia tangu kale. Siku moja paka aliyekwisha kupewa argoti alitiwa maji ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo kila mtaalamu alijua kwamba hupandisha shinikizo la damu. Badala ya kupanda, shinikizo likashuka. Dale kwanza aliyalaumu maji yale kuwa yameharibika, kama sote tungalivyofanya. Kosa lilipojirudia ndipo alipofahamu kwamba argoti imeziba sehemu moja ya kazi na kuiacha sehemu nyingine wazi, akaichapisha habari hiyo mwaka 1906. Ilipita miaka arobaini na zaidi kabla Raymond Ahlquist, wa chuo cha tiba cha Georgia huko Marekani, hajazilinganisha dawa sita za jamaa ya adrenalini, ile iliyomo katika maji ya tezi za juu ya figo, katika viungo mbalimbali vya wanyama, akaona kwamba nguvu zao hujipanga kwa taratibu mbili zisizofanana, akahukumu kwamba lazima viwepo vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa. Ilitoka katika jarida jingine mwaka 1948, na leo karibu kila mwanafunzi wa udaktari huyasoma aliyoyaandika. Siwasuti wahariri wale, maana jambo jipya aghalabu huja limevaa nguo za kosa.

Prazosini iliingia katika matumizi miaka ya 1970, ikitoka katika maabara ya Pfizer, nayo ilipokewa kwa furaha kwa kuwa dawa za alfa zilizoitangulia ziliufanya moyo upige mbio mno. Lakini haukupita muda mrefu matabibu wakaanza kuandikiana habari ya ajabu: mgonjwa apewa kidonge chake cha kwanza, atoka, na baada ya nusu saa, au saa moja, au saa moja na nusu, azirai. Walioanza kwa miligramu mbili au zaidi, kiasi cha mmoja katika kila mia alianguka hivyo. Na cha kustaajabisha zaidi ni kwamba mtu yule yule, akiendelea na dawa ile ile, baada ya siku chache haanguki tena, kwa kuwa mwili hujizoeza. Tatizo si dawa kuwa kali wakati wote. Tatizo ni siku ya kukutana, kabla wenyeji hawajamzoea mgeni, kwani mishipa imenyang'anywa ghafla kazi yake ya kusimamisha mtu, na hapana badali aliyekwisha kuandaliwa.

Kwa hiyo hadhari zote za dawa hii, ukizitazama sana, ni hadhari za saa na za mkao. Kipimo cha kwanza huwa kidogo: nusu miligramu au miligramu moja ya prazosini, miligramu moja ya doksazosini au ya terazosini, nacho humezwa usiku mtu akiwa amekwisha kuswali, amekwisha kufunga mlango na kuzima jiko, yaani amekwisha kumaliza kila jambo litakalomtaka asimame. Kumeza kisha ukakaa sebuleni ukiongea na wageni si kumeza kwa kulala. Usiku ule taa iwe karibu, na mzee ambaye hutoka mara mbili tatu kwenda haja ndogo awekewe chombo chumbani, wala asione haya. Maana njia ya usiku baina ya kitanda na choo ni mahali pepesi pa kuangukia. Akiamka, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda miguu ikiwa chini, azungushe vifundo vyake, ahesabu pumzi kadhaa, ndipo asimame akishika kitu. Siku ya pili asiendeshe gari wala asipande ngazi ya kuezekea mpaka ajue mwili umeipokeaje. Na kila tabibu aongezapo kipimo, huo ni usiku wa kwanza mwingine, na hadhari ni zile zile.

Kizunguzungu kikimjia, alale chini upesi hata kama ni sakafuni, miguu iinuliwe juu ya mto au kiti. Hapa naomba niseme jambo ambalo nimeliona mara nyingi majumbani mwetu likaniudhi: mtu akizirai, jamaa hukimbilia kumwinua, mmoja kwapa hili na mwingine kwapa lile, wakamkalisha wima kitini na kumpepea, kana kwamba aibu iko katika kulala chini. Kumwinua ni kuirudisha damu miguuni ilikotoka. Mwacheni alale, naye kwa kawaida atafumbua macho mwenyewe. Asipofumbua upesi, au ikiwa ameumia kichwa, au kifua chamwuma, hapo ni hospitali bila kungoja.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawalijui ni kwamba usiku wa kwanza waweza kurudi. Aliyekwenda shamba akavisahau vidonge nyumbani siku nne tano, au aliyeishiwa na dawa akangoja mwisho wa mwezi, mwili wake umekwisha kusahau mazoea. Akirejea akameza kipimo chake kikubwa cha zamani, huanguka kama mtu ambaye hakuijua dawa maishani. Haifai kuanza pale alipoachia: amwulize tabibu, ambaye aghalabu atamrudisha kwenye kile kipimo kidogo cha kulalia na kumpandisha upya. Na kilichosahauliwa jana hakilipwi leo kwa kumeza viwili.

Kisha yako mambo yanayoilegeza mishipa au kuipunguza damu yenyewe, ambayo yakikutana na dawa hii hushirikiana nayo: jua kali, kuoga maji ya moto, pombe, kusimama muda mrefu katika safu, kuharisha na kutapika. Mwenye kufunga Ramadhani naye hupungukiwa na maji mwilini kufikia alasiri, basi azungumze na tabibu kabla mwezi haujaandama. Vidonge vya nguvu za kiume vya aina ya sildenafili navyo hupanua mishipa, na hivyo viwili kukutana bila tabibu kujua ni hatari isiyotajwa kwa sababu ya soni. Lakini hatari niionayo kubwa kuliko hizo kwa wazee wa kiume ni ya matabibu wawili wasiojuana. Vizuizi vya alfa hulegeza pia misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi dume, kwa hiyo mzee ambaye mkojo wake hutoka kwa taabu huandikiwa mojawapo, mathalani tamsulosini, na daktari wa mkojo, ilhali daktari wa presha alikwisha kumwandikia doksazosini. Majina mbali, visanduku mbali, kazi moja. Atie vidonge vyake vyote katika mfuko mmoja, hata vile vya dukani vya mafua, avipeleke mbele ya kila tabibu. Wanawake nao wafahamu kwamba kulegea huko kwa kibofu kwaweza kuwafanya wavujwe na mkojo wakikohoa au kucheka, na hilo ni la dawa, si la uzee.

Afanyiwaye operesheni ya mtoto wa jicho na amtajie daktari wake dawa hizi, hasa tamsulosini, hata kama aliacha kuzitumia zamani. Mwaka 2005 madaktari wawili wa macho wa Marekani, Chang na Campbell, walieleza jinsi lile duara lenye rangi liuzungukalo mwanya wa mboni lilivyolegea kwa watumiaji wa dawa hiyo, likawa lapepea wakati wa kupasuliwa kama tanga lililofunguliwa kamba. Daktari aliyeambiwa mapema huja na hila zake tayari.

Msomaji atauliza: ikiwa ina masharti yote haya, mbona watu hupewa? Kwa kweli siku hizi haipewi ya kwanza. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT, ulioanza mwaka 1994 na kuwachukua watu zaidi ya 42,000, kundi la doksazosini lilisimamishwa mwaka 2000 kabla ya muda, baada ya kuonekana kwamba waliopewa dawa hiyo walipata maradhi ya moyo kushindwa kazi kiasi cha mara mbili ya wenzao waliopewa klorothalidoni, dawa ya zamani na rahisi ya kukojoza. Tangu hapo vizuizi vya alfa vimekuwa askari wa akiba: huitwa pale ambapo dawa mbili tatu zimekwisha kujaribiwa na shinikizo halijatii, au pale ambapo presha na tezi dume zimemkuta mtu mmoja. Aliye nayo asiiache kwa kuyasoma haya, amwulize aliyemwandikia.

Ng'ambo ya bahari yetu hii, katika pwani ya Konkan huko Bara Hindi, kidonge hiki kilipata kazi ambayo waliokitengeneza hawakuiwaza. Katika mji mdogo wa Mahad tabibu Himmatrao Bawaskar alikuwa akiletewa watoto walioumwa na nge mwekundu, ambaye sumu yake huufanya mwili ujimwagie noradrenalini bila kiasi, mishipa ikajikaza, moyo ukachoka, mapafu yakajaa maji, na watoto wakafa hospitalini mbele ya macho yake. Katika miaka ya 1980 aliwapa prazosini, dawa ya presha ya watu wazima, ili kuvikalia viti vyote ambavyo sumu ilivipelekea wajumbe. Na vifo vilivyokuwa vingi vikapungua hata kufika mmoja au wawili katika kila mia. Na hata hapo, katika wodi ambamo mauti yalikuwa mlangoni, lile sharti la zamani halikuondoka: mtoto aliyepewa dawa hulazwa chali kwa saa kadhaa, na mama yake, aliyemleta mbio mgongoni, huambiwa asimwinue.