Ngoma na Uchumi: Maneno Mawili katika Masomo ya Chuo Kikuu

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ngoma na uchumi husomeshwa mbali mbali, kila somo katika idara yake. Idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa mwaka 1967, chuo kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na ngoma ikawekwa humo pamoja na uigizaji. Makerere ilifuata mwaka 1971 kwa idara yake ya muziki, ngoma na drama. Mgawanyo huo wafaa kwa kazi ya ofisi, lakini Kiswahili hakikuyagawa mambo hayo hivyo, na atakaye kuyaeleza masomo haya kwa Kiswahili hana budi kuyapima kwanza maneno yenyewe.

Neno uchumi latokana na kuchuma. Watu huchuma maembe na karafuu. Kisha kitenzi hicho kikachukua maana ya kupata mali kwa jasho, kama isemwavyo kwamba mchumia juani hulia kivulini. Wayunani walipounda neno lao kwa mambo haya walitazama uongozi wa nyumba. Waarabu walitazama kiasi, na kutoka kwao Kiswahili kilipata iktisadi, neno lenye shina moja na kusudi na hata kasida, ingawa siku hizi halisikiki sana. Kiswahili chenyewe kiliutazama mkono unaofika tawini. Maneno yote matatu yahusu elimu moja, lakini kila moja lashika upande wake. Na upande ulioshikwa na uchumi ni ule wa kupata.

Ama ngoma, maana yake ni pana kuliko somo lolote la chuo. Ni chombo kipigwacho, ni wimbo, ni uchezaji, ni mkutano wa watu wenyewe, na katika matibabu ya pepo ni uganga pia. Neno dansi lilipoingia kutoka Kiingereza halikuiondoa ngoma mahali pake. Lilipewa kazi ya kutaja uchezaji wa klabu za mjini, wenye bendi na kiingilio mlangoni. Kwa hiyo kuliita somo zima dansi ni kukiacha chombo nje, na waliokizunguka pia.

Mambo haya mawili yalikutana zamani katika ngoma za mashindano za pwani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma na jamii Afrika ya Mashariki, alieleza jinsi vyama vya beni vilivyoshindana kwa sare, vyeo na karamu. Margaret Strobel aliandika mwaka 1979 juu ya wanawake wa Mombasa, na humo vyama vya lelemama vyaonekana vikitumia mali nyingi kwa mavazi na vyakula ili kuwashinda wapinzani. Kwa hesabu ya kuchuma, hiyo ni hasara tupu. Lakini wenyewe walijua wanunuacho: jina, heshima, na watu wa kuwaitikia siku ya shida.

Kwa utoaji huo Kiswahili kina kitenzi chake, kutuza, ambacho wengi hutamka kutunza: kumpa mchezaji au mwimbaji fedha mbele ya watu. Fedha ile haiwi bei, kwa kuwa haikupatanwa; wala si sadaka, kwa kuwa hutolewa ili ionekane. Mpokeaji huchuma, na mtoaji pia hupata kitu, ila kitu hicho hakiingii daftarini. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano na DDC Kibisa vilipoonyesha ngoma, maigizo na sarakasi kwa kiingilio katika mabaa ya Dar es Salaam, tikiti ilikuwa rahisi kuhesabika. Tuzo haikuwa hivyo, na mtafiti aliyehesabu tikiti peke yake aliandika nusu ya mapato.

Hapo ndipo lugha ya kufundishia inapoleta tofauti. Masomo ya uchumi chuoni hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi hupata neno moja la zawadi na jingine la akiba, yasiyofanana hata kidogo. Nyumbani kwake kutunza fedha ni kuziweka zisipotee, na arusini kutunza ni kuzitoa zikaondoka. Kama hilo ni neno moja lililogawanyika maana, au ni mawili yaliyokutana kwa sauti, lafaa kuchunguzwa na wanaisimu. Lakini mama anayemtunza mwimbaji leo, akitumaini kutunzwa siku ya arusi ya bintiye, hutenda yote mawili kwa noti moja.