MAZIWA YA MAMA YATOSHA, MTOTO AKINYONYA VEMA

Wafanyakazi wenzetu, nanyi wabibi wa wafanyakazi,

Katika nyumba nyingi za Niemba mtoto akizaliwa, siku ya pili utasikia: «Mama hana maziwa, mpeni mtoto maji ya sukari.» Neno hilo ni la hatari. Eneo la Kalemie ni mahali ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara, nacho husafiri ndani ya maji. Kijiko kimoja cha maji machafu, au biberoni isiyochemshwa, chaweza kumletea mtoto mchanga kuhara kunakoua.

Maziwa ya kwanza ni machache, mazito, ya manjano. Usiyakamue na kuyamwaga! Yanamkinga mtoto na magonjwa, na tumbo lake dogo linatosheka nayo. Maziwa mengi huja siku ya 3 au ya 4. Titi si pipa linaloisha: kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo linavyotengeneza.

Mama, fanya hivi:

1. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaa.
2. Tumbo lake liguse tumbo lako. Kichwa na mwili vinyooke.
3. Ngoja afungue kinywa sana, ndipo umsogeze kwenye titi. Ashike na sehemu nyeusi, si chuchu peke yake. Kidevu kiguse titi.
4. Ukiumia, ingiza kidole safi pembeni mwa kinywa, mtoe, anza tena. Chuchu hupasuka kwa sababu mtoto ameshika vibaya.
5. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 mchana na usiku, bila kungoja alie.

Utajuaje kama anashiba? Kuanzia siku ya 5 anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na choo cheusi kimekuwa cha manjano.

Miezi 6 ya kwanza apate maziwa ya mama tu. Hata wakati wa jua kali yana maji ya kutosha. Baadaye aongezewe chakula, akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Mwaka 1981, huko Geneva, Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha kanuni ya kukataza kutangaza kwa watu maziwa ya kopo yanayoshika nafasi ya maziwa ya mama.

Baba, kazini tunavaa kofia kabla jiwe halijaanguka. Nyumbani ni vilevile. Vua nguo zenye vumbi, oga, ndipo umbebe mtoto. Mchotee mama maji, ahakikishe bukari, sombe na samaki. Usiruhusu jirani alete biberoni.

Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na homa, au macho yakiwa ya manjano, mleteni dispanseri siku hiyohiyo. Titi likiwa jekundu na mama ana homa, aje pia, wala asiache kunyonyesha. Mama anayetumia dawa za kila siku amwulize munganga, si watu wa njiani.