Kishikwambi mezani: je, kidole chatosha kwa kazi ya ofisi?

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA usiku, siku mbili kabla ya shule kufungwa. Jirani yangu, mwalimu wa Darasa la Sita, alikuwa ameketi sebuleni kwake na kishikwambi mapajani, rundo la karatasi za mtihani likiwa ubavuni pake. Darasa lake lina wanafunzi 90 na masomo 6. Maana yake ni alama 540 ambazo sharti ziingizwe moja moja katika jedwali, zijumlishwe, kisha kila mtoto apewe nafasi yake darasani. Kazi hiyo aliianza mara baada ya chakula cha jioni. Alikwenda kulala saa nane.

Siku ya kufunga shule mama mmoja alimfuata akiwa ameshika karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya mtihani ya binti yake: Hisabati, alama 44 kati ya 50. Ya pili ilikuwa ripoti: Hisabati, alama 17. Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya mama yake, macho mekundu kwa kilio.

Chanzo cha kosa hakikuwa uvivu wala chuki. Kidole cha mwalimu kilikusudia kugusa mstari wa 34, kikafungua mstari wa 35. Kuanzia hapo kila mtoto akaandikiwa alama za mwenziwe aliyemtangulia. Ripoti zote zikakusanywa upya, na mwalimu akakesha usiku wa pili.

Je, ndugu msomaji, kosa hilo ni la mwalimu au ni la chombo? Swali hili si la walimu peke yao. Leo hii yuko karani wa ushirika, mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mama mwenye duka anayetunza hesabu zake nyumbani. Baadhi yao hawana kompyuta, wana kishikwambi. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama chombo hiki kinafaa kwa kazi ya ofisi kwa kidole kitupu, au kama nacho kinastahili kuunganishwa na kipanya.

KARANI MLANGONI, MWALIMU MEZANI

Wananchi wengi walikiona kishikwambi kwa karibu mwezi Agosti 2022, wakati wa Sensa ya Watu na Makazi. Karani wa sensa alifika mlangoni, akauliza, akagusa jibu kwenye kioo, akauliza tena. Hakuhitaji meza wala kiti, wala hakubeba mabunda ya madodoso. Kwa kazi hiyo taifa lilihesabiwa, na jumla ikawa watu 61,741,120. Sensa ilipokwisha, serikali iliamua vishikwambi hivyo viende kwa walimu.

Hapana shaka kwamba kwa karani wa sensa kidole kilitosha. Maswali yalikuja moja moja, na majibu yalikuwa makubwa ya kutosha kuguswa. Lakini kazi ya mwalimu mwenye jedwali ni nyingine kabisa. Yeye hukaa. Mbele yake si swali moja bali ni visanduku mamia, vyote vinafanana, vyote ni vidogo. Chombo ni kile kile, lakini kazi imebadilika, na mkao wa mtu umebadilika pia.

VITI VIWILI

Historia ya jambo hili inaweza kuelezwa kwa viti viwili, vyote vilivyowekwa jukwaani katika mji mmoja, San Francisco, huko Marekani.

Kiti cha kwanza kilikaliwa na Douglas Engelbart, mhandisi wa Stanford Research Institute, tarehe 9 Desemba 1968. Mbele ya mkutano wa wataalamu wa kompyuta alionyesha jinsi mtu anavyoweza kuandika, kufuta, na kupanga maneno kwenye kioo. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya kijisanduku kidogo chenye waya. Mfano wa kwanza wa kijisanduku hicho ulitengenezwa na mwenzake, Bill English, mwaka 1964: kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake. Kwa kuwa waya wake ulifanana na mkia, kikaitwa panya. Nasi kwa Kiswahili tukakiita kipanya, na wengine puku. Engelbart na wenzake walikuwa wamekipima pamoja na vifaa vingine, ikiwamo kalamu ya mwanga ambayo mtu huinyoosha mpaka kwenye kioo. Kwa watu waliozoea kazi, kipanya kiliwashinda wenziwe.

Kiti cha pili kilikuwa cha sebuleni, kipana, cha ngozi. Alikikalia Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, tarehe 27 Januari 2010, alipokuwa akiutangazia ulimwengu kishikwambi cha iPad. Aliegemea, akakiweka chombo mapajani, akasoma habari, akatazama picha. Kipanya hakikuwapo, na hakikuhitajika. Mtu aliyejinyoosha kitini akisoma gazeti ana haja gani ya kipanya?

Viti hivyo vilikuwa viwili kwa sababu kazi zilikuwa mbili. Taabu ilianza pale watu walipokichukua chombo cha kiti cha sebuleni wakakiweka juu ya meza ya ofisi.

KIDOLE NA KISANDUKU

Mwaka 1954 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda ambao mkono unautumia kufikia shabaha hutegemea mambo mawili: umbali wa shabaha hiyo na upana wake. Shabaha ikiwa mbali na tena nyembamba, mkono huchelewa au hukosea. Mama anayetia uzi kwenye tundu la sindano anaijua kanuni hii bila ya kufundishwa.

Sasa tupime. Kampuni ya Google, wenye mfumo wa Android unaoendesha vishikwambi vingi, huwashauri watengenezaji wa programu kwamba kitu cha kuguswa kwa kidole kisipungue upana wa milimita 9 hivi. Lakini mstari wa kawaida wa jedwali la kompyuta, yaani lahajedwali, ukichapwa kwenye karatasi una kimo cha milimita 5 tu. Maana yake ni kwamba tunamtaka mwalimu apige shabaha iliyo karibu nusu ya ile inayopendekezwa, mara 540, usiku, akiwa amechoka.

Aidha, kidole kina kasoro ya pili: hufunika kile kile kinachokigusa. Mtu haoni amegusa wapi mpaka anyanyue kidole. Kishale cha kipanya hakifuniki kitu. Ncha yake ni ndogo kuliko punje ya mtama, na mtu huiona imesimama wapi kabla ya kubonyeza. Tofauti hiyo ya kuona kabla ya kutenda ndiyo iliyomliza yule binti.

Kasoro ya tatu ni ya mwili. Mtu anayetaka kuandika sana kwenye kishikwambi hununua kibodi, na kishikwambi hukisimamisha wima mbele yake. Kuanzia hapo kila anapotaka kuchagua neno sharti anyanyue mkono kutoka kwenye kibodi, aunyooshe hewani mpaka kwenye kioo, kisha aurudishe. Fanya hivyo mara kumi, hakuna neno. Fanya hivyo siku nzima, bega litakwambia. Jambo la kutafakari ni kwamba mwezi Oktoba 2010 Jobs mwenyewe, alipoeleza kwa nini kompyuta za mpakato za Apple hazikupewa vioo vya kugusa, alitoa sababu hiyo hiyo: kioo kilichosimama wima huchosha mkono. Lakini kishikwambi chenye kibodi, kikiwa mezani, ni nini kama si kioo kilichosimama wima?

MLANGO ULIOFUNGULIWA KWA WALEMAVU

Si watengenezaji wote waliokuwa na msimamo mmoja. Mfumo wa Android ulianza kukubali vipanya kwenye vishikwambi katika toleo lake la 3.1, mwezi Mei 2011. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Surface, kishikwambi ambacho kibodi yake ilikuwa na kibao cha kuongozea kishale. Apple ilibaki upande wa kidole kwa miaka mingi.

Hatimaye mlango wa Apple ulifunguliwa, lakini yafaa kuangalia ulifunguliwa kwa ajili ya nani. Septemba 2019, katika toleo la iPadOS 13, uwezo wa kutumia kipanya uliwekwa ndani ya sehemu ya misaada kwa walemavu. Ulikusudiwa mtu ambaye vidole vyake vinatetemeka, au ambaye mkono wake hauwezi kufika kwenye kioo. Miezi michache baadaye, tarehe 24 Machi 2020, wakati maofisi duniani yakifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19 na watu wakihamishia kazi majumbani, Apple ilitoa toleo la 13.4, na kipanya kikawa halali kwa kila mtu. Kishale chake kilikuwa kiduara, mfano wa ncha ya kidole. Mwaka 2025, katika iPadOS 26, kiduara hicho kilibadilika kuwa mshale, kama ule wa kompyuta.

Katika habari hii mna funzo. Kile kilichoombwa na mlemavu kama msaada kilithibitika kuwa haja ya watu wote. Mtu mwenye kutetemeka mkono na mwalimu aliyechoka saa saba za usiku hawapishani sana.

HOJA ZA WAPINZANI

Wako wanaosema kwamba kishikwambi chenye kipanya na kibodi kimekwisha kuwa kompyuta mbovu, na kwamba mwenye kazi ya ofisi na anunue kompyuta ya mpakato. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Programu nyingi za vishikwambi zimeandikwa kwa ajili ya kidole: hazijui kitufe cha kulia cha kipanya, na nyingine hazina nusu ya uwezo wa ndugu zao wa kwenye kompyuta. Kipanya hakiwezi kuongeza kile ambacho programu haina.

Lakini anayesema hivyo anasahau mfuko wa mtu. Kompyuta ya mpakato ni mishahara. Kipanya ni sehemu ndogo ya mshahara mmoja. Mwalimu aliyepewa kishikwambi hakuchagua kati ya vyombo viwili. Alipewa kimoja, na kazi inamngoja.

Wengine husema kidole ni rahisi kwa mwanafunzi na kwa mzee asiyewahi kushika kompyuta. Hilo ni kweli tupu, wala hapana anayependekeza kidole kikatazwe. Tunachosema ni kwamba kipanya kiruhusiwe, na kiruhusiwe sawasawa, ili mwenye kukihitaji akitumie na asiyekihitaji asikione.

USHAURI KWA FAMILIA

Kabla ya kununua kipanya, azima cha jirani ukijaribu. Kwenye vishikwambi vingi vya Android kishale hutokea mara tu kipanya kinapounganishwa. Kipanya cha waya kwa kawaida huhitaji kiunganishi kifupi, nacho huziba tundu la kuchajia na kutumia umeme wa kishikwambi. Kile cha Bluetooth huliacha tundu wazi, ila chenyewe huhitaji betri.

Acha kukiweka kishikwambi mapajani. Kiweke mezani, ukiinue kwa kukiegemeza kwenye vitabu ili shingo isiinamie chini. Kwenye jedwali, gandisha safu ya majina ili yasipotee unaposogea kulia. Na kila baada ya majina kumi, simama ulinganishe na karatasi. Kipanya husaidia kupiga shabaha. Hakimzuii mtu kusoma vibaya alichoandika.

Nao wanaoagiza vyombo kwa ajili ya watumishi wa umma wangefanya vyema kuuliza, kabla ya kuagiza, chombo hicho kitatumika mlangoni au mezani. Kikiwa ni cha mezani, kipanya na kibodi viingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kwani chombo huwekwa kimtumikie mtu, si mtu akitumikie chombo.

Jirani yangu hakungoja maagizo. Mdogo wake, kijana anayefanya kazi katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi, alimletea kipanya cha zamani na kiunganishi chake. "Dada, jaribu na hiki," alimwambia, akakichomeka. Mwalimu alikisukuma kwa woga, kishale kikakimbia mpaka pembeni mwa kioo, watoto wakacheka.

Muhula uliofuata alama 540 ziliingizwa juu ya meza ya chakula, na kabla ya saa tano usiku kazi ilikuwa imekwisha. Kesho yake darasani kipanya alikiacha nyumbani. Kwa kuwaonyesha wanafunzi picha za milima na mito, anasema, kidole chake bado kinamtosha. Ripoti zilipogawiwa, yule mama aliisoma ya binti yake, akailinganisha na karatasi za mtihani moja baada ya nyingine, akaikunja na kuitia mkobani. Safari hii hakuwa na swali.