PORI LINARUDI NAMNA GANI?



Sisi watu wa Ituri tukisikia habari ya kulinda pori, mara moja tunawaza Epulu na okapi. Ni kweli, ile Hifadhi ya Okapi iliyowekwa mwaka wa 1992 ni mali kubwa. Lakini iko mbali, upande wa Mambasa. Hapa Bunia tunakaa katika mbuga, na miti ya asili imebaki kidogo kidogo tu, sana sana katika mabonde penye maji. Je, pori lililoharibika linaweza kurudi? Ndiyo, linaweza. Lakini watu wengi wanafikiri ni kazi ya siku moja: kuimba, kupanda miche, kupiga picha, kurudi nyumbani. Haiko vile. Kupanda ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kulinda.

Tuchukue mfano ng'ambo ya mpaka wetu, katika Uganda. Karibu na mji wa Fort Portal kuna pori la Kibale, lenye sokomutu wengi. Zamani watu waliingia sehemu ya kusini, wakakata miti na kulima. Mwaka wa 1992 serikali iliwatoa, na mwaka wa 1993 Kibale ikawa parki ya taifa. Mashamba yaliachwa. Watu wangeweza kufikiri ya kwamba sasa miti itaota yenyewe. Lakini palipokuwa miti paliota matete, marefu kupita mtu. Juu ya nini?

1. Moto

Matete yakikauka wakati wa jua, yanawaka upesi sana. Moto wa mwindaji au wa mchungaji unaingia ndani na kuteketeza kila kitu. Lakini mizizi ya matete haifi. Mvua ya kwanza ikinyesha yanachipuka tena, na kumbe mche mdogo wa mti umekwisha kufa. Mwaka unaofuata ni vile vile. Basi moto unalinda majani, na majani yanalisha moto. Miti haipati nafasi.

Tangu mwaka wa 1994, Uganda pamoja na shirika la FACE la Uholanzi walianza kazi ya kurudisha miti Kibale. Walifyeka njia pana ili moto usipite, wakaweka watu wa kuangalia. Walipanda miti ya asili, si ya kigeni. Tena walifyeka majani kando ya kila mche, mara kwa mara, mpaka mche upite urefu wa majani na kuyatilia kivuli. Matete hayapendi kivuli.

Jambo la ajabu ni hili: mahali moto ulipozuiwa, miti mingine iliota bila kupandwa na mtu. Ndege, nyani na tembo wanakula matunda ndani ya pori, halafu wanaacha mbegu nje. Mungu aliweka wapandaji wake tayari. Sisi tunatakiwa tusiwachome moto.

2. Kalipitusi

Hapa kwetu mtu akisema «kupanda miti», anataka kusema kalipitusi. Simlaumu. Inakua mbio, inatoa miti ya kujenga, kuni na makala. Lakini inakunywa maji mengi, na chini yake miti ya asili inaota kwa shida. Basi haifai kuipanda kandokando ya mto au chemchemi.

Katika mji wa Nairobi kuna pori la Karura, zaidi ya hektari 1,000. Mwaka wa 1999 mama Wangari Maathai alipigwa pale alipokwenda kupanda miti, sababu watu wakubwa walitaka kujenga nyumba ndani. Pori liliokolewa. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ya kalipitusi na miti mingine ya kigeni. Tangu mwaka wa 2009 wakaaji wa jirani walijiunga na serikali kulitunza. Wanatoa ile miti ya kigeni pole pole, sehemu kwa sehemu, na kupanda ya asili mahali pake. Hawakukata yote mara moja, maana mvua ingechukua udongo.

3. Watu

Hapa ndipo penye shida kweli. Wale waliotolewa Kibale mwaka wa 1992 walipoteza mashamba na nyumba. Pori lilipata nafuu, lakini wao walipata kilio. Tusisahau upande huo.

Na kwetu? Tangu mwisho wa mwaka wa 2017 ndugu wengi wa Djugu walikimbia vita wakafika Bunia. Kila jiko linataka kuni au makala. Mama mwenye watoto sita hawezi kupika kwa hotuba juu ya miti ya asili. Kwa hiyo anayetaka kuokoa bonde sherti apande vilevile miti ya kuni mahali pengine, kilimani, mbali na maji. Hapo kalipitusi ina kazi yake. Bila hivi, miche yetu itakwisha jikoni kabla haijafika magoti.

Tufanye nini?

Mwanzo 2:15 inatuonyesha ya kwamba mtu hakupewa shamba kwa kulima tu, alipewa pia kulitunza. Basi mashauri yangu ni haya. Kabla ya jua la Desemba, tufyeke njia ya kuzuia moto kando ya sehemu moja ndogo ya bonde, hata kama ni mita ishirini tu. Tutafute miche ya asili inayoota yenyewe, tuitie kijiti cha alama ili mtu asiifyeke. Kila darasa lipewe mwezi wake wa kufyeka majani. Wakati wa likizo, wanaokaa karibu waendelee.

Tena tusihesabu miche tuliyopanda. Tuhesabu ile iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Sisi wa mwaka wa mwisho hatutakuwa hapa siku ile, ni ninyi wadogo zetu mtakaohesabu.

Kiongozi wa wanafunzi,
darasa la mwisho