Moyo wa Mtoto Upimwe Angali Anakimbia

Watoto wengi ninaowapima moyo hawaumwi. Wanatoka uwanjani wakihema, vumbi miguuni, wanapanga foleni nje ya darasa tulilogeuza chumba cha vipimo. Mimi ni muuguzi wa Kanda ya Ziwa, na katika kazi zote nilizopangiwa, hii ya kuzunguka shuleni na mashine ya mkononi ndiyo ninayoiamini zaidi.

Ugonjwa tunaoutafuta huanzia kooni. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria aina ya streptokoka, anaumwa siku chache, anapona. Kwa baadhi ya watoto, wiki chache baadaye kinga iliyopambana na bakteria hao huugeukia mwili wenyewe. Homa inapanda, viungo vinavimba na kuuma. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, na ikijirudia huacha makovu kwenye vali za moyo, ile milango inayopitisha damu upande mmoja tu. Vali yenye kovu haifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka, na moyo unafanya kazi ya ziada kwa kila pigo. Mtoto anaweza kuishi hivyo miaka bila kulalamika. Miguu ikishavimba na pumzi ikianza kukatika, mara nyingi tegemeo linakuwa upasuaji. Wapo pia wanawake wanaoujua ugonjwa huu wakiwa tayari wajawazito, moyo umeshazidiwa.

Kipimo chenyewe hakina kisu, sindano wala mionzi. Msichana wa darasa la tano anapanda kwenye madawati mawili tuliyoyaunganisha na kuyatandika khanga, mwalimu wake wa kike akiwa pembeni.

“Shikamoo, nesi.”

“Marahaba, mwanangu. Lalia ubavu wa kushoto. Jeli hii ni ya baridi kidogo, usishtuke.”

Naweka kichwa cha mashine katikati ya mbavu zake. Kinatoa mawimbi ya sauti yanayotetema zaidi ya mara milioni mbili kwa sekunde, sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Mawimbi yanagonga kuta za moyo na kurudi, na mwangwi wake unachorwa kwenye kishikwambi. Naiona vali ya mitrali ikifunguka na kufunga. Nikiwasha rangi, damu inayokuja upande wa mashine inaonekana nyekundu, inayokwenda mbali bluu. Vali ikivuja, mkondo wa rangi unachomoza nyuma yake kila moyo unapojikamua. Nahifadhi picha, na picha yenye shaka naituma kwa daktari bingwa wa moyo, ambaye hurudia kipimo kwa mashine kubwa kabla ya mzazi kuambiwa lolote la uhakika.

Teknolojia hii ina zaidi ya miaka 70. Mwaka 1953, katika mji wa Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza na kifaa cha kukagua nyufa kwenye vyuma, walichokiazima kutoka kiwanda cha meli. Kilichobadilika siku hizi ni ukubwa: mashine iliyokuwa ikisukumwa kwa magurudumu sasa inaenea mfukoni na inafika shule isiyo na umeme.

Stetoskopu naipenda, lakini kwa ugonjwa uliojificha haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwapima watoto wa shule 2,170 nchini Msumbiji. Uchunguzi wa kawaida wa daktari uliwabaini wagonjwa 5, kipimo cha mwangwi kikawabaini 66.

Mtoto akithibitika kuwa na ugonjwa huu, tiba ni sindano ya penisilini ya kila mwezi, na wazazi huniuliza swali la haki kabisa: “Nesi, mtoto mzima huyu achomwe sindano kila mwezi kwa nini?” Jibu lilitoka kwa jirani zetu, kaskazini mwa Uganda. Watoto 102,200 walipimwa huko. Kipimo cha awali kiliwatenga 3,327, na ugonjwa wa hatua za mwanzo ukathibitishwa kwa 926. Kati yao 818 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilichomwa penisilini kila baada ya wiki nne, jingine halikuchomwa. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa waliofuatiliwa hadi mwisho, vali zilikuwa zimeharibika zaidi kwa watoto 3 kati ya 399 wa kundi la sindano, na kwa 33 kati ya 400 wa kundi la pili.

Namba hizo nazieleza polepole, kwa sababu sindano ya penisilini inauma, na mama anayempeleka mtoto mchangamfu akachomwe anahitaji sababu inayomwingia. Nami nawaambia viongozi wetu jambo lile lile: kupima bila kuhakikisha dawa ipo zahanati ya karibu ni kumwachia mzazi hofu tupu. Kupima na sindano viende pamoja.

Daktari bingwa wa moyo hawezi kufika kila kijiji. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuitafuta vali inayovuja, na wauguzi tupo. Tufundishwe kwa wingi, mashine zigawiwe vituo vya afya, na upimaji wa moyo uingie kwenye ratiba ya afya shuleni kama chanjo. Nawe mzazi, mtoto akilalamika koo, usimpe maji ya chumvi ukaishia hapo. Mpeleke akapimwe, na akiandikiwa dawa amalize dozi yote.